Swali la Kumi na Saba

Walinipa saa ya kuhesabia sekunde, ubao wa kubania karatasi, na amri:
tunga mtihani utakaosema nani anaijua kazi yake.
Kambi iko nyuma ya Mokowe, ambako chumvi hula hata bawaba,
nami mzaliwa wa Langoni, mwalimu kabla ya kuwa sajini,
nilidhani ni jambo la wiki moja.

Nikaanza kwa karatasi.
Taja sehemu sita za mfumo wa dizeli.
Praiveti Lokwawi, dereva wa lori la maji,
alitafuna kalamu mpaka ulimi ukawa buluu.
Akapata mbili.
Alasiri hiyo lori likazimika njia ya Hindi.
Akainamisha sikio kwenye boneti kama mkunga,
akasema, "Linameza hewa,"
akakaza paipu kwa uzi wa kiatu chake,
na maji yakafika jikoni kabla dengu hazijaungua.

Karatasi nikaichana.

Nikatunga mtihani wa mikono: majeruhi ni gunia la simsim,
damu yake ni rangi iliyobaki ya mlango wa stoo.
Koplo Nkirote alilifunga jeraha kwa sekunde hamsini na moja.
Vema, vema, vema.
Praiveti Mwachofi alichukua dakika mbili na ushei
kwa kuwa aliliuliza gunia jina lake,
akaliambia, "Tulia, ndugu, nimekushika."
Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini.
Nami kalamu imeinuka, haina kisanduku cha kutua.

Basi nikaongeza swali la kumi na saba:
Je, alizungumza na majeruhi? Ndiyo. Hapana.
Makao makuu wakauliza lina uzito gani.
Nikajibu: alama moja. Niliona haya kuomba zaidi.

Mwezi uliofuata kikosi kizima kilizungumza.
"Jina lako nani! Pole! Jina lako nani!"
kwa sauti ya gwaride,
macho kwenye saa yangu, si kwenye gunia.
Punda wa jirani wakaitika.

Mwachofi alikuja wa mwisho.
Akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na mshono,
akasema kitu,
kirefu kidogo kuliko jina.

Kanuni niliitunga mwenyewe, kwa mwandiko wangu:
kisichosikika hakihesabiwi.
Nikatia mkasi.
Mkono haukutetemeka;
ungekuwa ndio unaopimwa, ungefaulu.