Vidonge Kumi

Jumanne, Moshi. Mlima umejifunika tangu alfajiri.
Bi Aikande, mshiriki namba arobaini na saba,
amepanda ngazi tatu za kliniki, akapumzika mara mbili,
moshi wa jiko la kuni ukipiga filimbi kifuani,
na lile donge la damu
lililompanda Februari, kutoka mguuni hadi pafuni.

Nauliza kama bado anakula mnafu.
"Sasa nile nini, mwanangu? Hiyo fomu?"

Namwaga vidonge mezani, navisogeza kwa kalamu.
Vilipaswa kubaki kumi na viwili.
Viwili.
Nahesabu tena.

"Vingine nilimgawia wifi yangu.
Mguu wake umevimba kama wangu ule.
Ningemnyimaje,
na ndiye aliyenikamia ng'ombe nilipolazwa?"

Fomu ina kisanduku cha kutapika,
cha kutokwa damu, cha kusahau dozi.
Cha ukarimu hakuna.

"Anakaa Uru ipi, Kusini au Kaskazini?
Fizi zake zikoje?"

Ananyamaza. Anavitazama vile viwili.
"Jana alitema mate mekundu," anasema.
"Tukacheka.
Tukasema ni matunda damu."