Namba Kumi na Moja

Mjomba Anguyo aliniachia vitu vitatu:
transfoma inayonguruma kama tumbo la mgonjwa,
deni la rodi kwenye duka la Rajabu pale Oli,
na ngao hii ya uso,
mkanda wake umeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu.

Ndani bado inanuka yeye,
tumbaku, jasho, kitunguu cha mchana.
Kila asubuhi nauingiza uso wangu
mahali ulipokuwa uso wake.

Hakuivaa tangu mwanzo, alikiri mwenyewe.
Miaka sita alichomelea kwa miwani ya jua
ya plastiki, yenye nyota ya dhahabu pembeni,
na kwa ujanja wa kufumba jicho moja
kama mtoto anayelenga ndege kwa manati.
Mchana hakuna kilichouma.
Usiku ndipo mchanga ulipoamka chini ya kope,
akaomba hata kibatari kizimwe,
na mkewe Candiru akamkatia kiazi vipande vyembamba,
akavibandika, baridi, juu ya macho,
akisema: Afadhali ungekuwa mlevi,
ningejua nakugombeza nini.

Kidole kikiungua unaruka,
unatukana, unakitia mdomoni.
Jicho halina kelele.
Linakunywa moto mchana kutwa kwa adabu
kisha saa saba ya usiku linakuletea hesabu.

Kwa hiyo kioo nakinunua kwa namba, si kwa weusi.
Muuzaji akisema, Dada, hiki ni cheusi zaidi,
namjibu, Hata sufuria yangu ni nyeusi.
Kumi na moja.
Na mbele yake kioo cheupe cha bei ya chapati mbili,
ambacho kazi yake ni kutobolewa na cheche,
kama yule kitinda mimba anayetumwa kila mahali
na hakuna anayemshukuru.

Nikiishusha, sioni kitu.
Arua yote inazimika: kilima, bodaboda, mbuzi wa jirani.
Rodi inapapasa chuma kama fimbo ya kipofu.
Halafu chwaa!
jua la kijani, dogo kama punje ya dengu,
na chini yake dimbwi la chuma linalotetemeka.
Hapo tu ndipo ninapoona,
na ninachokiona ni hicho tu.

Naishusha kwa kutikisa kichwa, mikono ikiwa na kazi.
Mwezi uliopita Bwana Drakua alisimama hapa
akinisihi geti la milango miwili kwa laki sita.
Nikatikisa kichwa.
Nilipoinua uso alikwisha kuondoka,
laki mbili za kianzio ameziweka chini ya nyundo.
Geti lile nililifunga kwa hasara.
Bawaba zake zinalia mpaka leo
na grisi ninayo.

Umeme hurudi saa tatu usiku,
kama mgeni asiye na haya, nasi tunampokea.
Ndipo watoto wanapokuja, miguu mitupu,
wakivutwa na mwanga kama kumbikumbi.
Geukeni! nawaambia. Tazameni ukutani!
Nao wanageuka,
na kwenye ukuta wa ghala la muhogo
vivuli vyao vinakuwa majitu ya buluu
yanayopigana, yanayocheza, yanayokatika ghafla.

Jana Asiku peke yake hakugeuka.
Miaka mitano, viganja usoni,
vidole vimeachana kidogo, kidogo tu.
Nikazima mashine.
Umeme ulikuwa na saa moja ya kuishi, nami nikazima.
Sikumchapa. Nilimwita karibu
mahali palipounganika pakiwa bado pekundu,
na jekundu hilo likishuka taratibu
kuwa kahawia, kuwa kijivu.
Hiki kitazame, nikamwambia.
Hiki hakikuibii chochote.

Akachuchumaa, mikono magotini,
akakitazama mpaka kikawa chuma tu.
Kimekufa? akaniuliza.
Hapana, nikasema. Usikiguse.