Maji ya Kwanza

Figiri haina uchungu.
Naanza hapo, maana hapo ndipo tulipokosea sote nyumbani,
kuanzia baba mpaka mimi niliyeshika mwiko.
Likiwa shambani, zima, na umande wake,
jani limeficha vitu viwili katika vyumba viwili
na mlango wa katikati umefungwa.
Jino ndilo linalouvunja. Au kisu. Au kiwavi.
Hapo wawili hao hukutana kwa mara ya kwanza,
na kinachozaliwa ndicho kinachokukunjisha uso.

Haya nimeyajua juzi tu, na miaka yangu arobaini na mitatu,
nilipopeleka mafungu ya mboga jikoni kwa shule ya sekondari.
Mwalimu Nambunga alikuwa akigawa vipande vya karatasi,
akanipa nami kimoja kupitia dirishani:
"Weka ulimini, mama. Usimeze."
Nusu ya darasa ilitema, ikaapiza, ikakimbilia bombani.
Nusu nyingine ikauliza, "Kwani kuna nini hapa?"
Karatasi moja, chupa moja.
Ndimi ndizo zilizozaliwa mbalimbali,
kama mwingine anavyozaliwa na shoto lake.

Mimi nilikuwa wa "kwani kuna nini".

Nikamkumbuka Fridolini.
Miaka sita, magoti vumbi tupu, ameketishwa mbele ya bakuli
mpaka chemli inaanza kukohoa kwa kukosa mafuta.
Baba karudi kupuliza mikorosho,
salfa kwenye kola, salfa kwenye kope,
hata tonge lake la ugali wa muhogo lina alama ya njano ya kidole.
"Mboga haijamuua mtu Ndanda hii."
"Inachoma, baba."
"Mwongo."
Mkanda ulikaa nyuma ya mlango,
msumari mmoja na kalenda ya misheni.

Mama hakusema kitu.
Mama, nadhani sasa, alikuwa wa wale wa kutema:
alikula mboga yake mbio mbio, akashushia maji kikombe kizima,
nasi tukacheka, tukamwita mlafi.

Salfa, alisema Mwalimu, ni hiyo hiyo.
Jani huinyonya udongoni, likajipikia dawa yake lenyewe,
halina bomba la mgongoni, halina kitambaa cha pua,
halisubiri minada ya korosho ndipo lilipwe.
Jua likizidi, nalo huzidisha.
Kumbe ndiyo maana Agosti,
mfereji unapobaki uzi tu chini ya mlima,
wateja hunirudishia mafungu kwa hasira:
"Radegunda, leo umetuuzia shubiri!"
Nami huapa kwa watakatifu wote kwamba mbegu ni ile ile.

Yupo pia nondo mdogo wa kijivu,
ambaye harufu iliyowekwa kuwafukuza wadudu
ndiyo inayomwonyesha njia usiku.
Huifuata, hutaga humo humo.
Sijui mfano huo ni wa nani katika sisi. Nauacha.

Baba yuko makaburini Mwena.
Siku ya kufyeka nilibaki nyuma na jembe langu,
nikasema kwa sauti, kama mtu anayerudisha deni la jirani:
"Hakuwa mwongo."
Jongoo akapita juu ya saruji. Basi.

Pasaka Fridolini akaja kutoka Nachingwea,
fundi magari mzima, kitambi, mvi mbili tatu kidevuni.
Nilichemsha figiri peke yake.
Maji ya kwanza nikayamwaga nyuma ya jiko,
kijani cha kuchoka, yananuka kiberiti,
kuku wakayasogelea, wakajirudia.
Kisha nazi. Kisha korosho za kutwanga. Kisha chumvi, kwa mkono wa mama.

Alionja.
Alitafuna polepole, macho yakaenda mlangoni,
pale palipokuwa na msumari.
"Bado ipo," alisema. "Kidogo."

Mimi kinywani mwangu hamkuwa na kitu ila utamu wa nazi.

Nikamwamini.
Nikavuta bakuli upande wangu,
nikamsogezea samaki.