Kiatu cha Kushoto

Tumetoka Curitiba, ndege mbili na basi bovu,
mama na karatasi ya parokia ndani ya sidiria.
Jina letu limeandikwa humo kwa namna tatu,
na zote tatu, alisema karani, si sahihi.

Makaburini hatukumpata Ksawery.
Tulipata herufi mbili zilizoota kuvu, na konokono.
Bibi Zenobia akazifuta kwa mate na leso:
"Hata kama si yeye, ni jirani yake."

Alasiri tukashuka kwenye vinamasi vya Biebrza.
Matete hadi kifuani, maji kama chai ya rangi,
korongo mmoja akitupima kwa jicho la hakimu.
Olavo, miaka saba, akaiacha njia ya mbao,
akazama hadi gotini.

Tulimvuta. Alitoka. Kiatu kilibaki.
Tope likapiga mbweu, likanyamaza.

Mama alianza kufoka; bibi akamshika mkono.
Ksawery, alisema, aliondoka hapa pekupeku,
viatu begani,
asije akavimaliza kabla ya kufika melini.

Tukarudi polepole,
Olavo akiruka kwa mguu mmoja,
na nyuma yetu vyura wakiendeleza
mazungumzo tuliyoyakatiza.