Kikohozi Katika Beti ya Pili

Mimi nilishika tochi.
Niiseme mapema sehemu yangu, wasije wakanikuza:
umeme umekatika Kitangiri, mwaka wa tisini na saba,
Nkwabi anapapasa kitufe chekundu cha redio,
na mimi, Kabula, nina betri nane za mkopo
na kaseti ya kwaya tuliyoziba vitundu kwa karatasi
ili ikubali kusahau.

Kabla ya hapo alichana Kiingereza cha kuokota,
kofia kisogoni, akitaja mitaa
ya nchi ambayo hata bahasha yake hajawahi kuiona.
Tulishangilia. Haelewi yeye, hatuelewi sisi,
ngoma droo.

Kisha zamu ya usiku kiwandani, upande wa minofu.
Fundi wa majokofu, Murugesan, Mtamili,
mtu wa kusema "sawa" na "bado" basi,
alikuwa na kiredio kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Akaweka kaseti. Sauti ikatoka mbio,
ulimi unajikunja, unajikunjua,
unagonga meno kama vijiko ndani ya sufuria,
na midundo nyuma yake inahema kuufuata.
Nkwabi akaacha kisu ndani ya sangara.
"Kiingereza cha wapi hicho?"
"Si Kiingereza," fundi akasema. "Cha mama yangu."

Cha mama yangu!
Alilitoa neno lile getini
kama watu walivyotoa minofu, ndani ya koti,
na mlinzi hakuliona.

Maana mama yake alikuwepo, Mabatini, ameketi,
akiimba wigashe huku akichambua dagaa.
Na babu zake, je? Bagika huku, Bagalu kule,
chatu begani, matusi yenye vina,
na umati ukihama upande mmoja wa uwanja
kwenda mwingine kwa mstari mmoja tu.
Alikuwa anakwenda mbali kutafuta moto
na jiko linawaka nyuma yake.

Basi tochi, na kitufe, na *mbula*, na *minzi*, na *lyuba*,
maneno ya shambani yakapanda juu ya mdundo wa ndoo.
Beti ya pili akakohoa: amonia ya kiwandani.
Nikasema turudie.
Betri zikasema hapana.

Redioni walitusikiliza kwa adabu.
"Kizuri. Lakini kilugha hatupigi hewani."
Tukashuka ngazi. Nkwabi akacheka hadi chini,
kisha hakucheka tena mpaka Igoma.

Kaseti ikapita njia zake: mnada wa ng'ombe Magu,
trekta za pamba, kivuko cha Kamanga,
mashine ya kusaga Misungwi, ambako mwenye mashine
aliizima kabisa ili watu wasikie.
Mara mbili alijaza ukumbi Kirumba.
Mara moja alilipwa.

Akaja tajiri wa Dar mwenye mkataba:
tafsiri, kaka, nchi nzima ikuelewe.
Akatafsiri. Nilinunua nakala yangu kwa heshima.
Ilikuwa safi, imenyooka,
haina hata kikohozi.
Haikwenda popote.

Sasa ndiye fundi wa majokofu.
Murugesan alipoondoka alimwachia spana
na kile kiredio. Mpira wa baiskeli ni ule ule.

Jana nauza vioo vya simu Makoroboi,
vijana watatu wamekaa kwenye jiwe, wanachana.
Kisukuma! Wamevaa vizuri, wanatema vizuri,
hawajui ni mistari ya nani.
Beti ya pili, baada ya *lyuba*,
wote watatu, kwa pamoja, wakasimama,
wakakohoa,
wakaendelea.

Nikampigia Nkwabi. Yuko chumba cha baridi, mtandao unakatika.
"Wanakohoa," nikamwambia.
"Nani anaumwa?"