Kidole cha Zambarau

Usiku wa tatu wa mkanda wa jeshi
Aikande aliuliza ni jeshi gani hili
linalofunga mkanda upande mmoja tu,
kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi,
kisha linalala na buti zake juu ya mtu.
Sikuwa na jibu. Mimi ni fundi baiskeli, Pasua,
jirani na mashine ya kusaga.
Najua spoki, najua mnyororo uliolegea.
Ngozi siijui.

Nesi Ndeanasia alikuja na kikapu, si begi,
majirani wadhani anauza mayai.
Kabla ya mgonjwa alitazama kucha zangu:
"Grisi hii, kaka, haiingii humu."
Nikasugua kwa sabuni ya mche na gunzi la mahindi
mpaka vidole vikawa vya mtu mwingine.

Maji yachemke, yapoe, chumvi kidogo.
Spiriti ni ya mkasi;
anayekumwagia spiriti kwenye kidonda kilicho wazi
hakupendi.
Pamba moja, mfuto mmoja, unatupa.
Usirudi nyuma, alisema,
kidonda si meza.
Glavu ni za kidonda. Mdomo wake usiuogope.

Mashuka yenye damu: jiki kipimo kimoja, maji sita,
katika karai ambalo tangu siku hiyo halina kazi nyingine.
Nilipimia kikombe cha bati cha marehemu baba.
Naye alipenda vipimo,
hasa vya mbege.

Na mdomoni, ule utando.
Mweupe, mzito, maziwa yaliyogandia kibuyuni.
Asubuhi moja mawingu yalifunguka, Kibo kikatoka,
akakitazama dirishani, akasema kwa taabu:
"Mlima unapungukiwa, mimi naongezewa."
Mtori ulimuunguza hata ukiwa wa baridi.
Vidonge vya kufubaza alivimeza kama kokoto,
lakini alivimeza, saa mbili kamili,
redio ikiwa shahidi.

Dawa ya zambarau ilikuwa katika chupa ndogo ya kahawia.
Nilizungushia kidole kitambaa safi, nikachovya,
nikapaka ulimi, nikapaka mashavu kwa ndani.
Dada yangu mkubwa,
aliyenizaba kofi nikiwa darasa la tatu
kwa kuiba sukari guru,
amepanua kinywa kama kifaranga.
Hatukutazamana machoni.

Kisha mwanawe Elisante, miaka minne,
akamwona akipiga mwayo
na kilio kikasikika hadi mashineni:
mama kala zambarau zote, hakunibakishia!
Aikande akacheka. Kicheko kikamchana pembe za mdomo.
Akacheka tena.

Jumamosi, sokoni Mbuyuni, nikichagua ndizi mshare,
muuzaji alikishika kidole changu:
"Uchaguzi wa lini huo, mbona sisi hatukuitwa?"
Ningeweza kusema ni rangi ya baiskeli.
Wiki mbili nilikuwa nimesema rangi ya baiskeli.
"Nimempigia kura dada yangu," nikasema.
Akanitazama. Akakitazama kidole.
Akaongeza ndizi tatu juu ya chane,
na nilipotoa pesa ya ziada
alikwisha kugeuka, anamwita mteja mwingine
kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mkanda umefunguliwa sasa, umeacha njia nyeusi ubavuni
ambayo bado inamwasha mvua ikikaribia.
Utando ulirudi mara moja, tukautoa.
Nesi anasema dawa ya kupaka inafagia ua tu,
mwizi anazuiwa na zile za saa mbili.
Huenda. Mimi nafagia.
Wateja wananiletea pancha, wanaona kucha,
grisi juu, zambarau chini,
wengine wanauliza, wengine wanahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Jioni nafunga kibanda.
Kabla sijagusa mlango wake:
gunzi, sabuni, gunzi.