Gobore la Bi Ardella

Alilileta limeviringishwa katika blanketi la mbwa,
Jumanne ya theluji chafu, mjini Bedford, Pennsylvania,
akalilaza mezani petu kama anayemlaza mgonjwa.
"La babu wa babu yangu. Alipigania uhuru nalo."
Mzee Kemmerer hakujibu.
Alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Yeye husoma chuma, mimi huandika:
mtutu wa pande nane, inchi arobaini na mbili;
mti ni ule wenye utomvu wa sukari,
mawimbi yake hukimbia ukiuinamisha kwenye taa;
kitako kimepinda kama nyusi ya mtu asiyeamini,
na ubavuni kijisanduku cha shaba
cha kuwekea vitambaa na shahamu.

Alipofika kwenye mtambo alikaa sana.
"Njoo uone." Matundu matatu, yamezibwa kwa chuma kigeni.
Hapa palikuwa na gumegume na kibakuli chake cha baruti;
mtu akaving'oa, akapachika kifa cha fataki.
"Na herufi hizi mbili si za babu, mama. Ni za fundi.
Fundi huyu hakuwa amezaliwa vita hivyo vilipokwisha."
Bi Ardella akavua glavu moja, akaivaa tena.

Marehemu mama yangu, muuza vitenge wa Korogwe,
alizoea kusema mali bila daftari hupotea bila habari.
Sikujua alikuwa akiwasema na hawa.

"Nani aliling'arisha?"
"Baba. Kila Krismasi, kwa msasa na majivu."
Mzee akafumba macho kama aliyekanyagwa kidole.
Kutu ile ya kahawia ndiyo iliyokuwa mali.
Baba wa watu alipangusa dola elfu nne
akazipuliza dirishani pamoja na vumbi.

Mwisho nikachukua ufito, ndiyo desturi ya duka.
Nikautumbukiza mtutuni hadi ukagota,
nikatia alama ya penseli, nikautoa,
nikaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama kwa mdomo.
Haukufika kwenye kifa.
Ulipungua vidole vinne.
Nikapima tena.
Vidole vinne.

Baruti, kitambaa, risasi, kila kitu mahali pake,
tangu siku mtu aliposhindilia, kisha akasikia
labda mlango, labda mvua,
labda jina lake likiitwa, supu inapoa.

Bi Ardella alitafuta kiti.
"Lilitundikwa juu ya kitanda chetu.
Kaka yangu Merle alikuwa akinilenga nalo.
Mimi dubu, yeye mwindaji.
Nilikuwa nikifa vizuri sana, hadi anacheka."
Kilichokosekana ni fataki tu,
kidude kisichozidi punje ya dengu.

Tulilinywesha mafuta usiku kucha.
Asubuhi, yeye akiwa amefika kabla hatujafungua,
mzee akazamisha skurubu ndefu, akavuta,
akatukana kwa Kijerumani cha bibi yake, akavuta.
Ikatoka risasi ya kijivu, imevaa kitambaa
cha samawati chenye vijiua vyeupe,
kipande cha gauni la mtu.
Baruti ikafuata, tope jeusi linalonuka yai viza.

Fomu ina mstari wa fundi, wa mwaka, wa hali, wa bei.
Bei nikaandika elfu mbili na mia nane.
Kile kitambaa sikujua nikiandike wapi;
nikakitia katika bahasha, nikamkabidhi.

Akaomba simu ya duka, akapiga Ohio.
"Merle," akasema, "lilikuwa limejaa."
Kwa muda mrefu tulisikia waya tu ukivuma,
halafu sauti ya kizee, ya kukwaruza,
ikauliza wamelithamini kiasi gani.
Bi Ardella aliutazama ufito wangu pale mezani,
ile alama ya penseli.
"Vidole vinne," akamwambia.